Hema Lililogeuka Nyumba

Kuna mtaa mmoja huko Marekani ambao nyumba zake humkoroga akili fundi anayeziona kwa mara ya kwanza. Ni nyembamba mno. Nyingi zina upana wa futi 11 tu, na hata zile pana hazizidi sana futi 16. Ukilala chali sebuleni na mwenzako akalala mbele yako, kichwa kwa miguu, mmeshagusa kuta zote mbili. Sasa tazama mlango. Ni wa pande mbili, mrefu, umechongoka juu, na ukifunguliwa wote unakula sehemu kubwa ya ukuta wa mbele. Inua macho: juu ya mlango huo kuna mlango mwingine wa pande mbili unaotokea kwenye roshani ndogo ambayo viti viwili vikiwekwa, imejaa.

Mtu mwenye nyumba ndogo hivyo anajengaje mlango mkubwa hivyo, tena mara mbili?

Lishikeni swali hilo, wanangu, msilidondoshe. Jibu lake linaanzia mbali, kabla ya nyumba yenyewe kuwapo.

Mtaa wenyewe uko Oak Bluffs, katika kisiwa cha Martha's Vineyard, jimbo la Massachusetts, pwani ya mashariki ya Marekani. Wenyeji wa asili wa kisiwa ni Wawampanoag, ambao hukiita Noepe, na wapo huko mpaka leo. Wakati wa baridi theluji huanguka na upepo wa bahari hukata masikio, lakini majira ya joto yakifika, Julai na Agosti, watu wa miji ya bara huvuka kwa meli kuja kupunga upepo.

Mwaka 1835 hapakuwa na mji. Palikuwa na kichaka cha mialoni, malisho ya kondoo, na bahari. Mkristo mmoja wa madhehebu ya Methodisti, Jeremiah Pease wa mji wa Edgartown uliopo kisiwani humo, ndiye aliyewachagulia wenzake mahali hapo pa kufanyia mkutano wa injili. Walikuja Agosti, wakapiga mahema tisa wakiizunguka nusu duara sehemu ya mhubiri, wakaimba, wakasali, wakalia, wakaungama, halafu wakafungasha wakarudi makwao. Mahali hapo pakaitwa Wesleyan Grove, kwa kumkumbuka John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti.

Kama una jirani Msabato, haya si mageni kwako. Unajua makambi: familia nzima inahama nyumbani na magodoro na sufuria, inakwenda kukaa uwanjani, mahubiri asubuhi, nyimbo jioni. Mila ni ile ile, na shina lake ni moja. Wasabato walianza makambi yao huko huko Marekani mwaka 1868, kwa kufuata desturi ambayo Wamethodisti na wenzao walikuwa wameshaizoea, kisha wamisionari wakaileta Afrika Mashariki.

Na kwa wale wa pwani niongeze jambo la pembeni. Miaka hiyo hiyo ya 1830, wafanyabiashara wa Salem, mji mwingine wa Massachusetts, walikuwa wakitia nanga Unguja kununua pembe za ndovu na sandarusi, na kushusha marobota ya kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya kwao. Ndiyo ile merikani ya mababu zetu. Siwaambii kwamba mahema ya Wesleyan Grove yalishonwa kwa merikani, maana turubai la hema ni zito zaidi. Ila mjue kwamba upande ule wa dunia na huu wetu ulikuwa unafahamiana.

Turudi kwenye mahema. Mwanzoni hema lilikuwa la kanisa, si la mtu. Kila usharika ulileta hema lake kubwa, wakatandika majani makavu chini, wakagawanya katikati kwa pazia: wanaume upande huu, wanawake upande ule. Baba na mama walioishi pamoja mwaka mzima walitenganishwa na kitambaa kwa wiki nzima, na watoto wakajazana walipopata nafasi. Mvua ikinyesha majani yalilowa, na majani yakilowa, wanangu, yananuka.

Basi kidogo kidogo familia zikaanza kuleta mahema yao wenyewe. Mwaka wa kwanza hema tupu. Miaka ikisonga, mwenye hema akachoka kulala juu ya udongo, akatengeneza jukwaa la mbao. Jukwaa hilo hakulibomoa alipoondoka, aliliacha likimngoja. Akaongeza fremu ya mbao ya kushikilia turubai. Akaweka ubao upande wa mbele ili apate mlango wa kufunga kwa ufunguo. Kila Agosti mbao ziliongezeka, kitambaa kikapungua. Mwishoni mwa miaka ya 1850 zikatokea nyumba za kwanza za mbao tupu, na kufikia katikati ya miaka ya 1860 mafundi wa kisiwa walikuwa na mtindo wao kamili, wanaurudia nyumba baada ya nyumba.

Mnaona jibu linavyokuja? Nyumba ilisimama palepale hema liliposimama, kwenye kiwanja kile kile, kwa upana ule ule. Na hema hufunguliwaje? Turubai la mbele hugawanyika katikati, upande mmoja ukafungwa kulia, mwingine kushoto, ndani pakawa wazi pote. Seremala alipoambiwa ajenge hema la mbao, akajenga mlango wa pande mbili unaofunguka vile vile.

Sasa ngoja niwaonyeshe alivyojenga, kwa sababu hapa ndipo ninapowavulia kofia wale mafundi. Nyumba ya mbao ya kawaida huanza na mifupa: nguzo nyingi nyembamba zinasimamishwa, kisha zinavikwa mbao nje na ndani. Nyumba hizi hazina mifupa ya namna hiyo. Mbao zenyewe ndizo ukuta na ndizo nguzo. Ubao mrefu unasimamishwa wima kutoka chini mpaka juu. Ubavu wake mmoja umechongwa ulimi, ubavu wa pili umechimbwa mfereji. Ulimi wa ubao huu unaingia katika mfereji wa jirani yake, wa jirani unaingia kwa anayefuata, mpaka ukuta wote unashikana. Chini kuna boriti, juu kuna boriti, katikati unapita ubao wa kulala kuzuia ukuta usiyumbe. Basi.

Maana yake ni kwamba ukuta una unene wa ubao mmoja. Ukiwa chumbani unautazama mgongo wa ubao ule ule ambao mpita njia anautazama usoni. Hakuna lipu, hakuna kitu katikati cha kuzuia baridi wala sauti. Jirani akipiga chafya, unamwambia afya kupitia ukutani. Kwa nyumba ya kukaa mwaka mzima katika nchi ya theluji, huo ungekuwa wazimu. Kwa nyumba ya wiki chache za Agosti, ulikuwa ujenzi wa haraka, wa bei nafuu na mwepesi. Wepesi huo ulikuwa na faida nyingine: nyumba ilikaa juu ya vigingi vifupi bila msingi wa kuchimba, na mwenye nyumba akitaka kuhama hakuuza, aliondoka nayo. Ziliinuliwa, zikapandishwa juu ya magogo, zikavutwa mpaka kiwanja kingine. Zipo nyumba mjini leo ambazo hazikuzaliwa pale zilipo.

Mpaka hapa tuna kibanda kizuri cha mbao. Kilichozifanya zipigwe picha na kila mgeni ni urembo.

Zama zile msumeno wa kukata mikunjo, wenye ulimi mwembamba unaopanda na kushuka kwa haraka, ulikuwa umekuwa kitu cha kawaida katika karakana. Mwingine uliendeshwa kwa mvuke, mwingine kwa kukanyaga kama cherehani ya bibi. Fundi alichora ua kwenye ubao, akatoboa tundu, akapitisha ulimi wa msumeno, akafuata mchoro. Saa chache baadaye ubao mkavu ulikuwa umegeuka kimia. Kazi ambayo mchongaji wa patasi angeifanya kwa wiki, kijana wa karakana aliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo maana watu wa kawaida waliweza kuwa nayo: wenye maduka, makapteni wa meli, mafundi, wachungaji.

Urembo huo ulipigiliwa wapi? Zaidi kwenye ule ubao unaofuata ukingo wa paa, ambao mafundi wetu huuita fishabodi. Kwetu fishabodi hupakwa rangi ya kahawia na kusahauliwa. Kule ndiyo sura ya nyumba. Paa limesimama mteremko mkali, na kuanzia kileleni ubao unashuka pande zote mbili ukiwa na mawimbi, mioyo, majani, matone yanayoning'inia. Chini yake ukingo wa roshani umekatwa kwa mchoro mwingine. Madirisha mawili membamba yako kulia na kushoto kwa mlango, nayo yamechongoka juu, au yamezungushwa, kwa sura ya madirisha ya makanisa ya kale ya Ulaya. Na hilo halishangazi: waliojenga walitaka kila familia iwe kanisa dogo. Lakini kanisa hilo dogo limepakwa rangi ya waridi na kijani, na moja lina mioyo kila mahali, kiasi kwamba ni vigumu kulitazama bila kutabasamu. Mimi naona hapo ndipo waumini wale walipojisaliti kidogo. Walikuja kutubu, wakaishia kushindana kwa fishabodi.

Tuingie ndani, hatutakaa sana maana hamna mengi. Chini kuna sebule mbele na chumba nyuma. Ngazi nyembamba, iliyosimama karibu wima, inapanda kwenye vyumba viwili vya kulala, ambako dari ni paa lenyewe, na mtu mrefu lazima ajue pa kuinamia. Jiko halikuwamo. Mwanzoni lilikuwa hema au kibanda cha nyuma, hivyo moshi na harufu ya samaki vilibaki huko, na mbele pakabaki pa kukaa, kusoma Biblia na kutazamwa.

Kutazamwa, ndiyo. Mialoni na nyumba ziliizunguka sehemu ya mahubiri kwa duara, inayoitwa Trinity Park, na kutoka hapo vijia vinaingia kwenye viwanja vingine vidogo vya duara, kila kimoja na nyumba zake zikikitazama. Nyumba hazina ua wa kujificha. Hatua chache kutoka kwenye kijia unafika kwenye baraza, hatua moja zaidi uko sebuleni. Jioni taa zikiwashwa na ule mlango mkubwa ukiwa wazi, mpita njia aliiona familia nzima: babu kitini, mama na ushonaji wake, watoto wakigombana. Wageni waliotembelea zamani hizo walistaajabu. Katika miji yao nyumba nzuri ilikuwa ile inayoficha. Hapa mtu aliyefunga mlango jioni ndiye aliyeulizwa kama anaumwa.

Tangu mwaka 1869 kuna usiku mmoja wa Agosti ambapo mambo haya yote hufika kilele. Baraza zote, roshani zote, fishabodi zote hutundikwa taa za karatasi, nyingi za Kichina na Kijapani, nyingine zimerithiwa kutoka kwa bibi wa bibi. Watu hukutana kwanza kuimba, taa za umeme zikazimwa, taa moja ikawashwa, kisha mtaa mzima ukafuata. Zamani ndani ya kila karatasi ilikuwamo mshumaa. Karatasi, moto, na mamia ya nyumba za mbao kavu zilizosogeleana kiasi cha kupeana chumvi dirishani! Kila nikiifikiria picha hiyo nashukuru kwamba balbu ilivumbuliwa.

Katikati ya duara, mahali pa mhubiri, paliwekwa hema kubwa mno la turubai, halafu mwaka 1879 likajengwa jengo la chuma, Tabernacle, lenye nguzo na matao, paa limepanda kwa ngazi, na bila kuta. Upepo unapita, mtoto akichoka anatoka kucheza bila kufungua mlango. Jengo hilo lipo mpaka leo.

Sasa yakaja mambo ya pesa. Watu waliokuja kusali waliona bahari, wakaipenda, wakaanza kuja wiki moja kabla ya mkutano na kubaki wiki mbili baada yake. Wenye akili ya biashara wakaliona hilo. Mwaka 1866 kampuni moja ilinunua ardhi iliyokuwa kati ya kambi na bahari, ikamwajiri Robert Morris Copeland kuchora mji wa mapumziko wenye barabara za kupinda, bustani, na gati la meli. Uwanja wake mkubwa, Ocean Park, unaitazama bahari, na nyumba zinazouzunguka ni za daraja nyingine: minara, baraza ndefu, madirisha mengi, vyumba vya watumishi. Lakini ziangalieni vizuri. Urembo wa fishabodi umetoka kambini, umepandishwa cheo tu. Msanifu mmoja, Samuel Freeman Pratt, aliubeba mpaka kwenye kanisa la pembe nane la Union Chapel na kwenye hoteli kubwa ya Sea View, iliyofunguliwa gatini mwaka 1872 na kuteketea kwa moto mwaka 1892.

Wazee wa kambi hawakufurahi. Upande wa pili palikuwa na muziki, viatu vya magurudumu, na baadaye bembea ya farasi wa mbao iliyoletwa kutoka New York mwaka 1884, ambayo inazunguka mpaka sasa. Wakajenga uzio mrefu wa mbao kuizunguka kambi, lango likawa linafungwa usiku. Wakajijengea na gati lao, ili muumini ashuke melini na kufika kwenye maombi bila kupita katikati ya majaribu. Uzio haukudumu. Nadhani mnaweza kukisia ni vijana wa upande gani walikuwa wanauruka. Kambi na mji wa kampuni zikawa halmashauri moja mwaka 1880 kwa jina la Cottage City, yaani mji wa nyumba ndogo, na mwaka 1907 jina likabadilishwa kuwa Oak Bluffs.

Lipo jambo moja ambalo uzio wa mbao hauelezi. Mlango ule mpana haukufunguka kwa kila mtu. Hoteli nyingi za mapumziko za Marekani wakati huo hazikumpokea mgeni Mweusi, hata awe na pesa mkononi. Charles Shearer alizaliwa utumwani huko Virginia. Baada ya uhuru alisoma, akaoa, akahamia Massachusetts, na yeye na mkewe Henrietta wakapata nyumba Oak Bluffs, katika sehemu ya Highlands. Henrietta aliendesha kazi ya kufua na kupiga pasi nguo za wageni wa majira ya joto. Mwaka 1912 wakafungua nyumba ya wageni, Shearer Cottage, kwa ajili ya Wamarekani Weusi waliotaka kupunga upepo kama binadamu wengine. Walifika waimbaji, wachungaji, wanasiasa. Mtunzi wa muziki Harry T. Burleigh alikuwa miongoni mwao. Wageni hao walipoona kisiwa ni kizuri, wakaanza kununua nyumba zao wenyewe, nazo zina baraza, zina mbao za kimia, zina viti viwili vya kubembea vinavyotazama barabarani. Mwandishi Dorothy West aliishi Oak Bluffs miaka mingi na kuuweka mji huo katika riwaya yake ya mwisho.

Na kambi yenyewe? Karibu mwaka 1880 ilikuwa na nyumba zipatazo 500. Leo zimebaki zaidi kidogo ya 300. Nyingine zilivutwa kwenda kwingine, nyingine zilioza, nyingine ziliunganishwa mbili zikawa moja kwa ajili ya familia iliyozidi kuwa kubwa. Mwaka 2005 serikali ya Marekani iliitangaza Wesleyan Grove kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Lakini sheria inayozilinda zaidi ni ya zamani kuliko hiyo, nayo inatoka kwenye hema. Mwenye hema hakununua ardhi, alipewa nafasi ya kupiga hema. Mpaka sasa mwenye nyumba anamiliki mbao, na kiwanja ni cha chama cha kambi, naye hulipa kodi ya kiwanja kila mwaka. Akitaka kubadilisha sura ya nje ya nyumba, anaomba idhini kwanza. Hivyo hakuna tajiri aliyeweza kuja kununua viwanja sita, akabomoa, akaweka jumba lenye ukuta wa mawe na mbwa mkali.

Nyumba moja uwanjani Trinity Park imefanywa makumbusho, na watoto wanaruhusiwa kuingia. Ukipata bahati ya kufika, usianze na vitanda wala vyombo vya kale. Simama kwanza pale mlangoni, ufungue pande zote mbili, uutazame ukuta ulipokatwa kupisha fremu. Utaona unene wake wote kwa jicho moja, nao haufiki upana wa vidole vyako viwili.